Mbwa wa Nyumbani: Utunzaji Wake na Afya ya Jamii

Mbwa ni mnyama wa kwanza kufugwa na binadamu. Uhusiano huo ulianza maelfu ya miaka kabla ya ng'ombe, mbuzi au kuku kuingia katika maboma ya watu. Katika Afrika ya Mashariki mbwa hulinda nyumba, hufuatana na wachungaji malishoni, na huwafukuza nyani na ngedere mashambani. Pamoja na utumishi huo wote, katika kaya nyingi mbwa huachwa ajitafutie mwenyewe chakula, maji na mahali pa kulala. Makala haya yanaeleza misingi ya kumtunza, na hasa jinsi afya yake inavyofungamana na afya ya watu anaoishi nao.

Chakula, maji na makazi

Mbwa ni wa jamii ya wanyama walao nyama, lakini kwa kuishi na binadamu muda mrefu mwili wake umezoea pia kumeng'enya wanga. Kwa hiyo ugali au wali waweza kuwa sehemu ya chakula chake, mradi uchanganywe na vyakula vya kujenga mwili kama vile dagaa, utumbo uliopikwa au damu iliyochemshwa. Ugali mtupu humshibisha bila ya kumlisha. Mbwa mzima hutosheka na milo miwili kwa siku. Mtoto wa mbwa aliyeachishwa kunyonya huhitaji mitatu au minne.

Vipo vyakula vya kuepukwa. Mifupa iliyopikwa, hasa ya kuku, huvunjika vipande vyenye ncha kali viwezavyo kutoboa matumbo. Vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na chokoleti ni sumu kwake. Unga ulioota ukungu, ambao baadhi ya watu hudhani kuwa wamfaa mbwa, waweza kuwa na sumukuvu, nayo huharibu ini lake kama iharibuvyo ini la mtu.

Mbwa hapoi kwa kutoka jasho mwilini kama binadamu. Hupunguza joto kwa kuhema, ulimi ukiwa nje, na kila pumzi huchukua sehemu ya maji ya mwili wake. Hivyo maji safi na kivuli ni mahitaji ya kila saa. Joto lake la kawaida ni takriban nyuzi 38 hadi 39 za Sentigredi. Akiguswa na mkono wa mtu huonekana wa moto ijapokuwa ni mzima. Banda lake liwe kavu, lipitishe hewa na sakafu yake iinuliwe kidogo kutoka ardhini.

Kupe na minyoo

Kupe hunyonya damu ya mbwa na kumwambukiza magonjwa. Kwa kuwa kupe wa mbwa hujificha na kutaga katika nyufa za banda, kumwogesha mbwa dawa bila ya kutibu banda lake ni kazi nusu.

Hatari zaidi kwa watu ni tegu mdogo mwenye urefu wa milimita chache tu, anayeishi katika utumbo wa mbwa. Mbwa humpata kwa kula maini au mapafu mabichi ya kondoo, mbuzi au ng'ombe yenye malengelenge ya ugonjwa huo. Mayai ya tegu hutoka na kinyesi cha mbwa na kunata katika manyoya yake. Mtoto amchezeaye mbwa kisha akala bila ya kunawa huyameza mayai hayo. Ndani ya ini au mapafu yake hukua lengelenge lililojaa maji, polepole kwa miaka mingi, hata pengine likahitaji kuondolewa kwa upasuaji. Turkana, kaskazini mwa Kenya, ni miongoni mwa sehemu zilizopata kuathirika vikali duniani.

Mlolongo huu waweza kukatwa mahali patatu: viungo vibovu vya machinjioni vichomwe au vifukiwe kwa kina, mbwa apewe dawa ya minyoo kwa vipindi kama aelekezavyo daktari wa mifugo, na watu wanawe mikono kwa sabuni.

Kichaa cha mbwa

Kirusi cha ugonjwa huu hutoka katika mate ya mnyama mgonjwa. Aumapo, kirusi huingia katika jeraha, hushika mishipa ya fahamu na kusafiri polepole hadi kwenye ubongo. Kisha hushuka kwenye tezi za mate. Kwa binadamu safari hiyo huchukua kwa kawaida miezi miwili hadi mitatu, ingawa yaweza kuwa wiki moja au kupita mwaka. Dalili zikishatokea, karibu kila mgonjwa hufa. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watu 59,000 hufa hivyo kila mwaka, wengi wao katika Asia na Afrika, na kwamba wanne katika kila kumi ni watoto wasiofikia umri wa miaka 15.

Ni kosa kudhani kuwa kila mbwa mwenye kichaa ni mkali. Wengine hupooza tu: taya hulegea, mate hutiririka, sauti hubadilika na kumeza hushindikana. Mwenyewe huweza kudhani kuwa mfupa umemkwama kooni, akatia mkono kinywani ili kuutoa. Asifanye hivyo kamwe. Aidha, kuogopa maji ni dalili ya mgonjwa binadamu. Mbwa aweza kuyaendea maji, ila hushindwa kuyameza.

Mtu aumwapo au akikwaruzwa, hata na mtoto wa mbwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15. Sabuni huyeyusha ganda la mafuta linalokizunguka kirusi. Pilipili, udongo au majani yasitiwe. Kisha mtu huyo aende hospitali siku hiyo hiyo kuanza chanjo. Mbwa anayeonekana mzima na achungwe kwa siku 10, lakini matibabu yasingoje siku hizo ziishe.

Kinga hii si ngeni. Tarehe 6 Julai 1885, mjini Paris, chanjo ya Louis Pasteur ilianza kutumiwa kwa Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, naye akapona. Watu wanaokufa leo hawafi kwa uchache wa maarifa.

Mahali pa kuuzuia ugonjwa ni kwa mbwa mwenyewe. Kwa wastani, mbwa mgonjwa huambukiza wenzake wachache sana, baina ya mmoja na wawili. Wakichanjwa asilimia 70 ya mbwa wa eneo, kirusi hukosa pa kwenda na hufa. Lakini mbwa wazee hufa na watoto huzaliwa, hivyo kiwango hicho hushuka upesi chanjo isiporudiwa kila mwaka. Kisiwani Pemba kichaa cha mbwa kilitokomezwa mwaka 2014 kwa kampeni za chanjo, kikarudi mwaka 2016, kikatokomezwa tena mwaka 2018. Kuwaua mbwa ovyo hakusaidii, kwa maana waliochanjwa huuawa pamoja na wengine, na nafasi yao huchukuliwa na watoto wasio na kinga.

Imedhihirika kuwa mbwa wengi wanaozurura vijijini Tanzania wana wenyewe. Ikiwa kila mwenye mbwa atampeleka kuchanjwa siku iliyotangazwa, atakuwa amemlinda mnyama wake, watoto wake na watoto wa jirani zake.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini ni lazima banda litibiwe pamoja na mbwa mwenye kupe?
2. Eleza njia tatu za kukata mlolongo wa tegu wa mbwa.
3. Sabuni inafanya kazi gani katika jeraha la kuumwa na mbwa?
4. Kwa nini chanjo ya mwaka mmoja pekee haitoshi kulinda kijiji?