MARADHI YA HUZUNI SI UPUNGUFU WA IMANI



Katika mambo ambayo yatupasa kuyajua sawasawa, kwa kuwa kutoyajua huweza kuua, ni maradhi ya nafsi, na khasa maradhi ya huzuni, ambayo wengine huyaita sonona. Hayakuacha mji wala kijiji, tangu Tiwi hadi Vanga. Mtu hubadilika mbele ya macho ya jamaa zake: hali, halali, hazungumzi, na kazi aliyokuwa akiiweza yamshinda. Hapo watu wa nyumba hugawanyika makundi mawili. Kundi moja husema, “Huyu ana pepo,” na la pili husema, “Huyu imani yake imepungua.” La kwanza humpeleka kwa mganga, la pili humlaumu, na yote mawili humwacha na maradhi yake. Makusudio ya darasa hili ni kubainisha kwamba mtu huyu ni mgonjwa, na ya kwamba ana haki ya kutibiwa kama aliyo nayo mwenye malaria.

MARADHI HAYA NI YAPI

Kila mwanadamu huhuzunika. Mtu hufiwa, akalia, kisha siku zikampoza kidogo kidogo. Ama maradhi ya huzuni ni mengine. Hukaa na mtu muda usiopungua wiki 2, karibu kila siku na kutwa nzima. Humwondolea raha ya vitu alivyokuwa akivipenda, humvuruga usingizi na chakula, humfanya ajione hana thamani, na pengine humtia fikira za kufa. Wengi wa kwetu hawasemi kwamba wana huzuni. Husema kichwa chauma, mwili hauna nguvu, moyo waenda mbio. Hupimwa malaria isionekane. Pamoja na maradhi haya huandamana mara nyingi ndugu yake, maradhi ya hofu, ambayo humfanya mtu awe na wasiwasi mkubwa pasipo jambo la kuogopwa.

Wala tusidhani kwamba haya ni ya watu wachache. Shirika la Afya Duniani limekadiria wagonjwa wa huzuni kuwa zaidi ya milioni 280 duniani, na wanawake ni wengi kuliko wanaume.

SABABU ZAKE

Sababu zake huchanganyika: urithi wa damu, maradhi mazito ya mwili, msiba, dhuluma, na dhiki ya maisha. Na sisi watu wa pwani ya kusini twazijua dhiki zetu. Mvuvi wa Gazi au Msambweni hukaa na njaa upepo wa kusi ukichafua bahari, huku deni la dukani lapanda. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilipofungwa mwaka 1988, nyumba nyingi zilikatikiwa na riziki. Na mwaka 2020, maradhi ya korona yalipofunga hoteli za Diani, vijana na wazee waliokuwa wakilisha watu kumi kumi walirudi majumbani mikono mitupu. Mwanamume aliyezoea kuulizwa na watoto wake, akawa hana la kuwajibu, huweza kuvunjika ndani na watu wasijue.

Tena tusimsahau mama aliyejifungua. Katika kila wanawake 10 wenye mimba au waliozaa karibuni, zaidi ya 1 hupatwa na maradhi ya nafsi, na yaliyo mengi ni haya ya huzuni. Yeye hulia, na watu humwambia, “Umepewa mtoto mzima, walilia nini? Wakufuru neema?” Maneno haya humzidishia mzigo, naye akanyamaza.

DINI YASEMAJE

Anayedai kwamba huzuni ni dalili ya imani chache na asome habari za waliokuwa bora kuliko sisi. Nabii Yaakub, juu ya subira yake njema, alimhuzunikia mwanawe Yusuf hata macho yake yakapofuka. Bibi Maryamu, aliposhikwa na uchungu penye shina la mtende, alitamani mauti. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alifiwa na Bibi Khadija na ami yake Abu Talib karibu karibu, na mwaka huo wanazuoni wakauita Mwaka wa Huzuni. Ni nani atakayethubutu kusema kwamba hawa walikosa imani?

Ama habari ya majini, sisi twaamini kwamba wapo, kwa kuwa Kurani imewataja. Lakini kuamini kwamba wapo si kuamini kwamba kila asiyelala ana jini. Mtu hupigiwa bao, akaambiwa pepo wataka kayamba na mbuzi. Jamaa wakauza walicho nacho, ngoma ikachezwa usiku kucha, na asubuhi mgonjwa ni yule yule, ila deni limeongezeka. Na hadithi sahihi imemwonya aendaye kwa mpiga ramli kwamba Sala yake haikubaliwi siku 40. Kumsomea mgonjwa Kurani na kumwombea dua ni jambo jema lisilozuia dawa. Lakini kumpiga, kumfunga minyororo, au kumnyima chakula kwa kisingizio cha kumtoa jini, hiyo ni dhuluma.

Bedui walipomwuliza Mtume juu ya kujitibu, aliwaamrisha wajitibu, kwani Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyawekea dawa, isipokuwa uzee. Waislamu wa zamani waliifuata amri hii. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, alitunga kitabu juu ya afya ya miili na nafsi, akatenga huzuni yenye sababu ijulikanayo na ile isiyojulikana sababu yake, na kila moja akaipa matibabu yake. Na hospitali ya Mansuri ya Cairo, iliyojengwa mwaka 1284, ilikuwa na mahali pa wagonjwa wa akili. Basi anayeona haya kumpeleka mgonjwa wake hospitali asidhani kwamba afuata mwendo wa wahenga wa dini yake.

YATUPASAYO

Kwanza, tumsikilize mgonjwa bila ya kumhukumu, wala tusimwambie ajikaze.

Pili, tumpeleke zahanati iliyo karibu, au hospitali ya Msambweni, tukaeleze habari ya usingizi, chakula na fikira zake, si kichwa peke yake. Maradhi haya hutibika kwa mazungumzo na mtaalamu, kwa dawa, au kwa yote mawili. Dawa zake hazileweshi, na hukawia wiki kadhaa kabla ya kuonyesha nafuu. Basi asiziache ghafula pasipo shauri la daktari. Ukiingia Ramadhani, amwulize daktari juu ya saa za kuzimeza; na ikiwa saumu itamdhuru, mgonjwa ana ruhusa ya dini.

Tatu, tukimwogopea kujidhuru, tumwulize waziwazi. Kumwuliza hakumtii fikira hiyo, bali humfungulia mlango wa kusema. Asiachwe peke yake, sumu na kamba ziondolewe, naye apelekwe hospitali siku ile ile. Wala tusimfiche kwa kuogopa polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu cha sheria kilichomhesabu mhalifu aliyejaribu kujiua chapingana na Katiba. Kujiua ni haramu, hapana shaka. Lakini kumwokoa aliye ukingoni ni wajibu, na matusi hayamwokoi mtu.

Nne, maimamu na walimu wa madrasa walitaje jambo hili hadharani, ili mgonjwa ajue kwamba msikiti ni mahali pa kusaidiwa, si pa kuaibishwa.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awaondolee dhiki wenye dhiki, na atupe sisi macho ya kuwaona kabla hawajapotea. Amin.