Dawa na Mionzi kwa Pamoja: Tiba ya Saratani ya Mlango wa Kizazi

Mgonjwa wenu akiambiwa atapigwa mionzi na kutundikiwa dripu ya dawa katika wiki zile zile, msidhani hali imeshindikana. Hii ndiyo tiba ya kawaida pale uvimbe umekuwa mkubwa mno kwa upasuaji lakini haujafika viungo vya mbali. Ilienea tangu 1999, tafiti zilipoonyesha kuwa inaokoa maisha ya wengi zaidi kuliko mionzi peke yake.

Kwa nini vyote viwili?

Mionzi hukata vinasaba vya seli za saratani, ila baadhi ya seli hujitibu na kuendelea kukua. Dawa, mara nyingi sisiplatini, huzizuia zisijitibu. Tena, kwa kuwa hupita kwenye damu, huweza kufikia seli zilizokwisha kuchoropoka kwenye uvimbe.

Ratiba ilivyo

- Mionzi ya nje: Jumatatu hadi Ijumaa, wiki tano hivi. Ni dakika chache, wala haiumi. Alama za wino kwenye ngozi zisifutwe.
- Dripu: mara moja kwa wiki, baada ya kupima damu na figo.
- Mionzi ya ndani: kifaa huingizwa ukeni hadi karibu na uvimbe, kisha hutolewa.

Yote yakamilike ndani ya wiki nane. Tiba ikikatizwa, seli zilizobaki huongezeka upya. Wanaotoka mikoani kwenda hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, au ya Bugando, Mwanza, wapange nauli na mahali pa kulala kabla ya kuanza.

Nyumbani

- Sisiplatini inaweza kudhuru figo. Anywe maji kama alivyoelekezwa.
- Akiharisha au kusikia kichefuchefu, mpeni uji na wali laini, kidogo kidogo.
- Mionzi ya nje haibaki mwilini. Alale na wenzake, ampakate mjukuu.
- Asitumie mitishamba bila kumwambia daktari.

Mpelekeni hospitali mara moja akiwa na:

- homa ya nyuzi 38 au zaidi;
- kutapika hata maji;
- mkojo kupungua sana;
- damu nyingi ukeni.

Masikio yakianza kuvuma, aseme kabla ya dripu inayofuata.

Akikosa siku

Msingoje kliniki ijayo. Pigieni simu kitengo cha mionzi siku hiyo hiyo, wapange namna ya kuifidia.