Tela Linapotikisa Mkia

Pikapu iliyofungwa tela hubeba magunia mengi kwa safari moja. Faida hiyo tunaijua sote. Lakini tela likianza kutikisa mkia barabarani, mavuno ya mwaka mzima yanaweza kumwagika mtaroni, na watu wakafa. Leo tutajifunza kwa nini tela hutikisika na namna ya kulizuia. Wewe usiye dereva, usiache kusoma! Mara nyingi kosa hufanyika wakati wa kupakia, kabla gari halijawashwa, na anayepakia ni wewe.

Tela la pikapu aghalabu lina ekseli moja, yaani chuma kinachoshika magurudumu mawili. Mbele lina mkono mrefu wa chuma unaofungwa nyuma ya gari. Mkono huo hauvutwi tu, bali pia hulibebesha gari sehemu ya uzito wa tela. Hapo ndipo penye siri.

Tazameni mkokoteni. Ukipakia mawe nyuma ya magurudumu, mikono yake hunyanyuka na kutaka kumwinua mwenye kuushika. Sogeza mawe mbele kidogo, mikono inatulia. Tela ni vivyo hivyo. Mzigo ukikaa nyuma mno, mkono wa tela huiinua pikapu kwa nyuma. Matairi ya nyuma ya gari hayashiki barabara sawasawa, na mkia mzito wa tela unaanza kuliongoza gari badala ya kuongozwa.

Sasa basi kubwa linapita kwa kasi. Upepo wake unasukuma tela upande. Matairi ya tela yanalirudisha katikati, lakini halisimami hapo, linapita mpaka upande wa pili, kisha linarudi tena. Gari likienda polepole, kila mtikiso huwa mdogo kuliko uliotangulia, mpaka unakwisha. Mwendo ukizidi kiasi fulani, kila mtikiso huwa mkubwa kuliko uliotangulia. Kiasi hicho hakilingani kwa matela yote. Tela lililopakiwa vibaya hukifikia mapema. Ndiyo maana tela lile lile lililokwenda vizuri jana, leo linaweza kupinduka.

Huko Marekani, ambako watu wengi huvuta matela kwa pikapu, hufundishwa kwamba mkono wa tela ubebe sehemu 10 mpaka 15 katika kila sehemu 100 za uzito wote. Haya, tufanye hesabu. Tela tupu lina kilo 300. Tumepakia magunia 7 ya mahindi, kila gunia kilo 100. Jumla ni kilo 1,000. Basi mkono ubebe kilo 100 mpaka 150.

Utapimaje? Kwa mizani ile ile ya kupimia magunia. Weka tela mahali tambarare, zuia magurudumu kwa mawe. Weka gogo juu ya mizani, kisha egemeza ncha ya mkono juu ya gogo, kwa kimo kile kile cha kufungia kwenye gari. Soma uzito, toa uzito wa gogo. Ukipata kilo 40, sogeza gunia mbele. Ukipata 200, rudisha nyuma kidogo, maana pikapu ikilemewa nyuma, magurudumu yake ya mbele hayatii usukani vizuri.

Magunia mazito yakae chini, karibu na ekseli. Usiweke mazito mbele kabisa na mengine nyuma kabisa ukadhani umesawazisha. Aliyebeba mzega wa madebe mawili anajua: yakianza kuzunguka, kuyasimamisha ni kazi. Fungeni mzigo kwa kamba usihame njiani. Pimeni upepo wa matairi. Na mtu asipande juu ya tela. Hapo hatuna mjadala.

Je, tela likishaanza kutikisika? Utingo atapiga kelele, "Breki! Breki!" Dereva asimsikilize. Ukikanyaga breki za gari kwa nguvu, gari hupungua lakini tela linaendelea kusukuma kutoka nyuma, na viwili hivyo hukunjana kama goti. Kupigana na usukani nako hakufai. Mkono wa mtu huchelewa: unapogeuza kulia, tela limeshaanza kurudi, basi umelisaidia kutikisika. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani imara uelekee mbele, acha mwendo upungue wenyewe. Kama tela lina breki zake unazoweza kuzishika peke yake, zishike taratibu. Hizo hulivuta tela nyuma na kulinyoosha, kama kamba iliyokazwa. Wako madereva wanaosema ongeza mwendo litanyooka. Huko ni kutafuta kaburi.

Pikapu nyingi mpya zina chombo cha kuzuia mtikiso huu. Kampuni ya Ford, kwa mfano, ilikiweka katika pikapu yake ya F-150 ya mwaka 2009. Chombo hicho huhisi gari linapoyumba kushoto na kulia ilhali dereva hajageuza usukani. Hapo hupunguza nguvu ya injini, na hushika breki za gurudumu moja moja la pikapu, mara la kushoto, mara la kulia, kupinga kila mtikiso kwa wakati wake. Mguu wa mtu una kanyagio moja tu la breki za magurudumu yote, kwa hiyo hauwezi kazi hiyo. Lakini chombo hakihamishi magunia. Tela lililojazwa nyuma huweza kukishinda, hasa kwenye mteremko mkali. Kabla ya mteremko, ingiza gia ndogo ungali juu.

Hesabu ya kufanya pamoja: Tela na mzigo wake vina kilo 800. Mizani inaonyesha kilo 70, na gogo lina kilo 10. Je, mtasogeza magunia upande gani? Mpaka mizani ionyeshe kilo ngapi?