Kununua Tangi Kubwa la Maji Lililokwisha Kutumika: Mwongozo kwa Wafanyakazi wa Sydney

Mwongozo huu umeandikwa kwa wasemaji wa Kiswahili wanaofanya kazi Sydney na wenye shamba, au wanaotunza shamba, katika maeneo makavu ya bara ya New South Wales. Viwanda na miradi ya ujenzi inapomaliza shughuli, matangi yake huuzwa mnadani kwa bei ya chini. Bei hiyo ni nafuu kweli iwapo tu unajua tangi lilibeba nini.

1. Pima mahitaji
Milimita moja ya mvua kwenye meta moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Sydney hupata takribani milimita 1,200 kwa mwaka, na mji wa bara wa Bourke takribani 350. Paa la meta za mraba 150 lingeweza kuvuna lita 180,000 Sydney, lakini 52,500 tu Bourke, kabla ya kutoa yanayopotea njiani. Basi hesabu kiangazi kirefu kuliko vyote: kaya inayotumia lita 300 kwa siku itahitaji lita 36,000 kwa miezi minne.

2. Uliza historia ya tangi
Mtake muuzaji aandike kila kitu tangi lilichowahi kuhifadhi. Lililobeba dawa za kilimo, mafuta au povu la kuzimia moto lisitumike kwa maji ya kunywa, hata lisuguliwe namna gani. Plastiki hufyonza kemikali na kuziachia polepole. Harufu huweza kuisha, sumu ikabaki. Muuzaji asiyejua historia, muage kwa heshima. Kwenye tangi la plastiki tafuta alama ya AS/NZS 4020, kiwango cha vifaa vinavyogusa maji ya kunywa. Matangi ya mabati ya zamani huenda yaliunganishwa kwa risasi, ambayo ni sumu.

3. Kagua bila kuingia ndani
Mulika kwa tochi kutoka kwenye mdomo wa tangi. Usiingize kichwa wala mwili: hewa ya ndani inaweza kuwa haina oksijeni ya kutosha, na watu wamepoteza maisha kwa namna hiyo. Tafuta nyufa, kutu na plastiki iliyopauka kwa jua. Ikiwezekana, lijazwe maji mbele yako kabla ya kulipa.

4. Panga usafiri na msingi
Pima kipenyo kabla ya kukodi lori. Mzigo unaozidi upana wa kawaida unaoruhusiwa barabarani, takribani meta 2.5, una masharti ya ziada, na gharama yake huweza kumeza nafuu ya mnada. Lita 20,000 za maji zina uzito wa tani 20, kwa hiyo andaa msingi uliosawazishwa na kushindiliwa vizuri. Uliza pia halmashauri ya eneo lako kama kibali kinahitajika.

5. Jiandae kwa moto na mbu
Palipo na hatari ya moto wa msituni, chagua chuma au zege, na uweke kiungo cha Storz cha milimita 65 ili magari ya zimamoto vijijini yaweze kuvuta maji. Funika kila tundu kwa wavu wa mbu.

Maji haya watayanywa watoto wako. Shaka ikibaki juu ya lolote kati ya haya, liache tangi hilo. Minada mingine itakuja.