SOMO LA TUMBAKO: HUKUMU YA MWENYE DUKA

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, yapasa ijulikane ya kwamba mas'ala ya tumbako yana milango miwili. Mlango wa kwanza ni wa mvutaji, na huo wanazuoni wameusemea sana. Mlango wa pili ni wa muuzaji, na huo watu wengi hupita mbele yake wasiutazame, na hali ya kuwa maduka mengi ya mitaa ya pwani yamo mikononi mwa Waislamu. Somo hili ni la mlango wa pili.

KHABARI YA ZAMANI

Asili ya tumbako ni bara la Amerika. Iliingia katika nchi za Waislamu karibu na mwaka 1600, na wanazuoni wakakhitalifiana: wako walioiharimisha, wako walioikirihi, na wako walioihalalisha, kama Sheikh Abdul-Ghani al-Nabulsi wa Sham, aliyetunga risala nzima katika jambo hilo. Mwaka 1633, baada ya moto mkubwa kuteketeza sehemu ya mji wa Istanbul, Sultani Murad wa Nne aliipiga marufuku tumbako, akafunga na nyumba za kahawa, na adhabu ya mvutaji ikawa ni kuuawa. Sultani alikufa mwaka 1640, tumbako haikufa. Uzito wa sheria ile ulimwangukia mvutaji, naye alijificha akavuta.

SHERIA YA SASA

Sheria za zama hizi zimeshika njia nyingine: zamtazama kwanza muuzaji. Mapatano ya Shirika la Afya la Ulimwengu juu ya kuzuia tumbako yalipitishwa mwaka 2003, yakaanza kazi mwaka 2005. Kenya iliyaridhia mwaka 2004, na Tanzania mwaka 2007. Sababu yake haifichikani: Shirika hilo lahesabu ya kuwa tumbako yaua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka.

Kenya ilitunga sheria yake mwaka 2007. Katika yanayompasa muuzaji ni haya:

Kwanza, asimwuzie tumbako mtu aliye chini ya miaka 18.
Pili, abandike dukani tangazo la kuwajuza watu katazo hilo.
Tatu, asiuze sigara illa kwa pakiti nzima, isiyopungua sigara 10.
Nne, asiuze pipi wala vitu vya kuchezea watoto vilivyofanyizwa kwa sura ya sigara.

Kisha zikaja kanuni za mwaka 2014, zilizotaka picha za maradhi juu ya pakiti, na kila mwenye kutengeneza au kuleta tumbako atoe asilimia 2 ya thamani yake kwa mfuko wa kuizuia. Kampuni ya British American Tobacco Kenya ilizipinga mahakamani. Ilishindwa Mahakama Kuu mwaka 2016, ikashindwa Mahakama ya Rufani mwaka 2017, na tarehe 26 Novemba 2019 Mahakama ya Juu ikaikatalia vilevile. Basi mwenye kiwanda amekwisha kufungwa na sheria. Aliyebaki ni mwenye duka, ambaye hana hakimu mbele yake wakati anyooshapo mkono kumpa mnunuzi.

HIKIMA YA PAKITI NZIMA

Mtu aweza kuuliza: kuna dhara gani kufungua pakiti na kuuza sigara moja moja? Jawabu ni kwamba dhara lake ni mawili. La kwanza, mtoto hana thamani ya pakiti, lakini thamani ya sigara moja aipata katika fedha ya kununulia andazi. La pili, onyo limechapishwa juu ya pakiti. Sigara moja haina onyo. Basi afunguaye pakiti humwondolea mtoto vizuizi viwili kwa mara moja: bei na onyo.

SHUBHA NA MAJIBU YAKE

Shubha ya kwanza: "Mtoto huyu ametumwa na baba yake." Jawabu: sheria yamtazama apokeaye, haimtazami aliyetuma. Na mtoto atumwaye kila jioni hujua njia, hujua bei, na hujua jina la sigara. Siku atakayojinunulia mwenyewe mwenye duka hatatambua tofauti. Atamkwe kwa upole: "Mwambie baba aje mwenyewe." Baba mwenye akili hatakasirika.

Shubha ya pili: "Nisipouza mimi, atauza jirani." Jawabu: dhambi ya jirani haiwi ruhusa ya mtu mwingine. Kila mmoja ataulizwa mizani yake.

Shubha ya tatu: "Biashara ni halali." Jawabu: asili yake ni halali, illa biashara imdhuruyo asiyekwisha kupambanua mambo. Hata wanazuoni walioihalalisha tumbako walimsemea mtu mwenye akili kamili, hawakumsemea mtoto.

SIGARA ZA UMEME

Sheria ya mwaka 2007 ilitungwa kabla ya kuenea sigara za umeme, ambazo vijana huziita vepu. Ndani yake mna maji yenye nikotini, nayo hutiwa ladha ya matunda na peremende, na harufu yake haimstui mzazi. Katika Bahari hii ya Hindi, visiwa vya Maldivi, ambavyo watu wake ni Waislamu, vilizikataza kwa watu wa umri wote mwishoni mwa mwaka 2024. Tena tangu tarehe 1 Novemba 2025, aliyezaliwa mwaka 2007 au baada yake hauziwi tumbako huko maisha yake yote. Muuzaji hulazimika kuhakikisha umri wa mnunuzi, na akimwuzia aliyekatazwa hutozwa rufiyaa 50,000. Hapo pia sheria imemkamata muuzaji.

KHATIMA

Sultani mwenye upanga hakuweza kuiondoa tumbako, wala mahakama tatu haziwezi kusimama katika kila pembe ya mtaa. Ilipokoma kazi ya hakimu ndipo ilipoanza amana ya mwenye duka. Mtoto asimamaye mbele ya meza yake na sarafu mkononi ni mtoto wa jirani yake, na huenda kesho akawa wake. Wallahu aalam.