LEBO INAVURUGIKA IKIFIKA KWA MCHAPAJI? ANGALIA FAILI ULILOPELEKA

 

Leo tunatoka kidogo shambani na mizingani. Tunazungumzia lebo, na si mambo ya kuandika nini kwenye lebo, hayo tutayarudia siku nyingine. Somo ni hili: umedizaini vizuri, kwenye kompyuta yako inapendeza, lakini ikifunguliwa kwa mchapaji inakuwa kitu kingine. Maandishi yamehama, rangi imefifia, barkodi haisomeki. Hapo ndipo wengi tunapopoteza hela.

Mimi mwenyewe yamenikuta. Kikundi cha vijana wafugaji nyuki ninaowahudumia walipata oda ya chupa 600 za asali za nusu kilo kwenye duka kubwa mjini. Masharti yalikuwa mawili: lebo kamili na barkodi inayosomeka, na mzigo ufike ndani ya siku 10. Nikawaambia vijana, lebo niachieni mimi. Nikaitengeneza kwenye Inkscape, programu ya bure, nikaitoa kama picha, nikaituma WhatsApp usiku uleule.

Stika zikarudi zote 600. Jina la asali linasomeka vizuri kabisa, lakini tarehe ya kuisha muda na namba ya bechi vina ukungu. Tukaijaribu barkodi kwa mashine ya dukani, ikagoma. Shilingi 150,000 za kikundi zikaenda na maji. Mchapaji akanionesha alichopokea, na kweli alikuwa amechapa kilekile nilichomtumia. Kosa lilikuwa langu. Sasa tuchambue makosa moja moja ili wewe usiyarudie.

1. PICHA IMEPUNGUZWA NJIANI

Ukituma picha WhatsApp kwa njia ya kawaida, inapunguzwa ili isile bando. Kwa mbwa na mbuzi wa kuonesha marafiki haina shida. Kwa lebo ni hasara.

Tupige hesabu. Kwa kuchapa, lenga pikseli 300 kwa kila inchi, yaani dpi 300. Inchi moja ni sentimita 2.54. Lebo yetu ilikuwa ya kuzunguka chupa, urefu sentimita 20:

20 ÷ 2.54 × 300 = pikseli 2,362

Mimi niliitoa hivyohivyo. Ilipofika kwa mchapaji ilikuwa na pikseli 1,600. Gawanya kwa inchi 7.87, unapata kama 203 tu kwa inchi. Herufi kubwa zinavumilia, ndogo zinafifia.

Barkodi ndiyo inaumia zaidi. Kwenye barkodi ya EAN-13 ya ukubwa wa kawaida, mstari mwembamba kuliko yote una upana wa milimita 0.33. Kwa dpi 203, pikseli moja ni milimita 0.125, kwa hiyo mstari ule unahitaji pikseli 2.6. Pikseli haikatwi vipande, basi mstari mmoja unapata 2 na mwingine 3, na kingo zinakuwa na ukungu. Mashine inasoma kwa kulinganisha upana wa mistari na nafasi zake. Ukiuvuruga upana, umevuruga namba.

Suluhisho: tuma faili kama hati, yaani bonyeza alama ya kuambatisha uchague "Document", au tumia barua pepe, au peleka na flashi. Na usiscreenshot lebo hata siku moja.

2. UMETUMA PICHA BADALA YA VEKTA

Kuna mafaili ya aina mbili. Ya pikseli, kama JPEG na PNG, ni kama mkeka: ukisogea karibu unaona ukili mmoja mmoja. Ya vekta, kama SVG, EPS, AI na CDR, yanahifadhi maelezo ya mistari na maumbo, kwa hiyo ukikuza hadi ukubwa wa bango hayapotezi ubora. PDF inaweza kubeba aina zote mbili.

Lebo yenye maandishi, nembo na barkodi itoe kama PDF ya vekta. Picha ya kamera, kwa mfano mzinga au shamba lako, inabaki pikseli ndani yake, na hiyo ndiyo iwe na dpi 300. Angalizo: kuingiza JPEG ndani ya PDF hakuigeuzi kuwa vekta. Jipime hivi: fungua PDF, kuza asilimia 800, angalia herufi ndogo. Kingo zikibaki safi, ni vekta. Zikionekana ngazi ngazi, ni picha iliyovalishwa koti.

JPEG pia haina uwazi. Nembo yako ikiwa JPEG na ukaiweka juu ya rangi ya dhahabu, itakuja na kisanduku cheupe nyuma. Tumia PNG yenye uwazi, au bora vekta. EPS nayo haibebi uwazi, kwa hiyo vivuli laini vinaweza kugeuka visanduku.

3. FONTI HAIPO KWENYE KOMPYUTA YA MCHAPAJI

Baada ya hasara ile nikasema sasa natuma vekta yenyewe. Nikapeleka SVG. Safari hii nilikaa pembeni ya mchapaji wakati anaifungua, na ilikuwa bahati. Fonti yangu haikuwepo kwenye mashine yake, programu ikaweka nyingine pana zaidi, na maneno "Uzito halisi" yakatoka nje ya lebo.

SVG kwa kawaida inataja jina la fonti tu, haiibebi. Dawa ni kugeuza maandishi kuwa maumbo:

- Inkscape: chagua maandishi, nenda "Path", kisha "Object to Path". Au wakati wa kuhifadhi PDF, chagua "Convert text to paths".
- Illustrator: "Create Outlines".
- CorelDRAW: "Convert to Curves", au Ctrl+Q.

Fanya hivyo kwenye nakala, siyo kwenye faili mama. Maandishi yakishakuwa maumbo huwezi kuyahariri tena kama maandishi. Msimu ujao ukitaka kubadilisha uzito au anwani utaanza upya.

Kama unatumia Inkscape ya zamani, ya kabla ya toleo 1.0, kuna ugonjwa mwingine: maandishi uliyoandika ndani ya kisanduku yanaweza kuonekana kama boksi jeusi kwenye programu nyingine. Dawa ni ileile.

4. UKUBWA UMEBADILIKA WENYEWE

Siku ileile tukaona lebo ya sentimita 20 imekuwa 26.7. Hakuna aliyeigusa! Sababu ni kipimo. Inkscape tangu toleo 0.92 inahesabu vipimo 96 kwa inchi. Kabla ya hapo ilikuwa 90. Programu nyingine, Illustrator ikiwemo, zinaweza kukisoma kipimo kilekile kama pointi, ambazo ni 72 kwa inchi. Gawanya 96 kwa 72 unapata 1.33. Zidisha 20 kwa 1.33, hiyo hapo 26.7.

Ukiona lebo imekua au imepungua kwa kiasi cha namna hiyo, usiivute kwa jicho. Mwambie mchapaji aandike upana sahihi kwa sentimita huku amefunga uwiano wa urefu na upana. Au peleka PDF, ambayo inabeba vipimo vya ukurasa. Ukichapa mwenyewe kwa majaribio, chagua "Actual size", siyo "Fit".

5. RANGI IMEFIFIA

Kioo cha simu kinatengeneza rangi kwa mwanga: nyekundu, kijani na bluu, yaani RGB. Mashine ya kuchapa inatumia wino: samawati, majenta, njano na nyeusi, yaani CMYK. Kijani kile cha kung'aa unachokiona kwenye kioo, wino haukifikii. Kitafifia tu. Chagua kijani kilichotulia tangu mwanzo, na uombe sampuli moja kabla ya kuchapa zote.

PNG haibebi CMYK, na PDF ya Inkscape kwa kawaida inatoka RGB. Ubadilishaji utafanyika kwa mchapaji. Mwombe jambo moja: maandishi madogo meusi na barkodi viwe wino mweusi peke yake, K 100. Vikichanganywa wino nne na karatasi ikayumba kidogo, herufi zinapata kivuli cha rangi.

Na barkodi usiipambe. Mistari iwe ya rangi nzito, nyuma pawe peupe. Mistari myekundu haisomeki, kwa sababu mashine nyingi zinatumia mwanga mwekundu. Ukubwa wa kawaida wa EAN-13 ni milimita 37.29 kwa 25.93, pamoja na nafasi tupu za pembeni. Unaweza kuipunguza hadi asilimia 80, usishuke chini ya hapo. Zile nafasi tupu usizijaze maua.

6. FAILI HALIFUNGUKI KABISA

CorelDRAW ya zamani haifungui CDR ya toleo jipya. Aliyekudizainia ahifadhi kwa toleo la chini, au akupe PDF. Ukiona picha imepotea na kubaki alama ya X, ujue iliunganishwa tu, haikupachikwa. Inkscape inapokuuliza wakati wa kuingiza picha, chagua "Embed", siyo "Link".

KABLA HUJALIPA HATA SENTI

- Muulize mchapaji: anatumia programu gani, toleo gani, anataka faili gani?
- Ongeza milimita 3 za rangi kila upande kwa ajili ya kukatia, na maandishi yakae ndani, mbali na ukingo.
- Fungua PDF yako kwenye simu ya mtu mwingine.
- Chapa moja kwenye karatasi ya kawaida, ipime kwa rula, izungushe kwenye chupa.
- Chapa stika moja halisi, ikajaribiwe kwenye mashine ya dukani.
- Chapa zote baada ya hapo tu.

Sisi tulirudi na PDF ya vekta, maandishi yakiwa maumbo, barkodi K 100. Stika ya majaribio ikasoma mara ya kwanza. Mzigo ulifika siku ya tisa, na ule mkataba upo mpaka leo. Zile shilingi 150,000 nilizirudisha kwa kikundi mwenyewe kidogo kidogo, kwa sababu kosa lilikuwa langu, na kijana akipoteza mtaji wa kwanza ni vigumu kumrudisha kwenye mizinga.

Kazi ya nyumbani: chukua lebo unayoitumia sasa, kuza PDF yake asilimia 800, kisha niandikie hapo chini umeona nini. Tukutane somo lijalo. Kilimo ni biashara, tuifanye kwa hesabu.