Nyigu chini ya paa

Inua macho, utazame chini ya paa la nyumba yako. Pengine utaona kitu cha rangi ya majivu, mfano wa karatasi, kinachoning'inia kwa kikonyo kimoja. Hicho ni kiota cha nyigu. Wale wenye miguu mirefu na kiuno chembamba kama uzi, wataalamu huwaita Belonogaster.

Kiota chao hakina kifuniko; ukisimama chini waweza kuviona vyumba vyote. Majike hukwangua miti mikavu, huitafuna pamoja na mate, na hiyo ndiyo karatasi yao. Katika kila chumba mna yai, kisha buu. Buu hawezi kujitafutia chakula, basi nyigu wakubwa humletea nyama ya viwavi waliyokwisha kuitafuna. Viwavi hao wamo na wale walao mboga zako! Kwa hiyo kiota kilicho mbali na watu, kiache.

Ulaya wako nyigu wengine, Vespula germanica, ambao mara nyingi huficha kiota ardhini, nao huwa maelfu. Mwaka 1974 walionekana Cape Town, Afrika ya Kusini. Hawa wetu wa Kasomeno ni wachache kwa kiota, lakini uchungu wao si haba.

Nyuki akikuchoma huacha mwiba, uondoe upesi. Nyigu haachi mwiba, aweza kukuchoma tena na tena. Basi kwanza ondoka hapo. Vua pete kabla kidole hakijavimba, osha kwa maji na sabuni, weka kitambaa cha maji baridi. Usipake udongo wala mavi ya ng'ombe.

Lakini mtu akitokwa na vipele mwili mzima, ulimi ukivimba, akikosa pumzi au akizimia, usingoje hata kidogo. Huenda amechomwa mara moja tu. Ni mwili wake unaoipokea sumu vibaya. Mlaze, uinue miguu yake. Akihema kwa shida, mwache akae. Apelekwe hospitali mara moja, apigwe sindano ya adrenalini pajani. Majani hayatamponya. Aliyechomwa ndani ya kinywa apelekwe vilevile.

Wengine hukichoma kiota kwa mwenge. Wakati wa kiangazi, chini ya paa la manyasi! Nyigu wataruka, nyumba haiwezi kuruka. Kiota kikiwa juu ya mlango, ngoja usiku wanapotulia, jifunike mwili wote, wamwagie maji ya sabuni, ndipo ukiangushe kwa mti mrefu. Aliyewahi kukosa pumzi kwa sababu ya nyigu asiifanye kazi hiyo, amwombe jirani.